Mtaalamu na Gwaride la Simu

Kila Jumapili jioni, wanaume wenzake wakiwa wamekaa nje wanapunga upepo, Mtaalamu alikusanya simu za watu wa nyumbani kwake. Alitandika taulo juu ya meza ya chakula, akazipanga simu moja baada ya nyingine: ya mke wake, ya binti yake, ya mgeni kama yupo, na yake mwenyewe mbele kama sajini. Akavaa miwani, akaanza kuzipa apdeti. Mwenyewe aliita shughuli hiyo matengenezo. Mke wake aliiita gwaride, lakini kimoyomoyo, maana maneno ya kumwambia mume wake kwa sauti alishayamaliza miaka mingi nyuma.

Jina la Mtaalamu hakupewa shuleni wala kazini. Kazini alikuwa mlinzi wa lango kwenye ghala la saruji, kazi ya kufungua na kufunga, na hata lango lenyewe lilikuwa na mtu mwingine wa kulisukuma. Jina alijipachika mwenyewe siku alipofanikiwa kubadilisha betri ya saa ya ukutani. Tangu siku hiyo hapakupona kitu chenye waya. Pasi ilifunguliwa, ilipofungwa ikawa inapata moto upande mmoja tu. Redio ilibaki na stesheni moja, nayo ilisema lugha ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeijua, na Mtaalamu aliisikiliza hivyo hivyo huku akitikisa kichwa kana kwamba wanakubaliana.

Mambo hayo mke wake aliyacheka. Aliacha kucheka ilipofika zamu ya cherehani.

Wakati huo alikuwa mshonaji na mtaa mzima ulimjua. Darasani hakukanyaga, kusoma alijifunza ukubwani kwa kufuatisha maandishi ya kwenye maboksi ya uzi, lakini nguo iliyotoka mikononi mwake ilikaa mwilini kama imeota hapo. Mtaalamu akasema cherehani inapiga kelele, anashindwa kulala mchana, ataituliza. Akaifungua yote. Skrubu akazitia kwenye kikombe, kikombe akakiacha uani, na wa kusema kilikwenda wapi hakupatikana. Cherehani ilitulia kweli, haikupiga kelele tena mpaka ilipobebwa na wauza vyuma chakavu. Mke alipolia aliambiwa chuma kilishachoka chenyewe, asitafute mchawi. Mama mkwe akauliza ni mwanamke gani huyu anayelilia chuma kama amefiwa. Wateja walisubiri kidogo, wakahama. Pole hakupewa na yeyote, na Mtaalamu, kama kawaida ya watu wa aina yake, alikuwa wa kwanza kusahau.

Basi mtu huyo ndiye aliyekabidhiwa waifai ya nyumba. Au tuseme hakukabidhiwa, alijitwalia. Ruta ilipoletwa aliitia kwenye kisanduku cha mbao, kisanduku akakigongomelea juu kabisa ya mlango wa chumba chake, kwenye korido, mahali ambapo kuifikia lazima upande kigoda. Paswedi peke yake haikumtosha. Kuna mwenzake kazini alimfundisha kwamba ruta inaweza kufungwa isipokee ila simu ambazo namba zake zimeandikwa ndani yake, ile namba ambayo kila simu huzaliwa nayo. Mtaalamu alifurahi kama amepewa cheo. Tangu hapo mgeni akija, kabla hajaulizwa habari za huko atokako, alitakiwa atoe simu. Mtaalamu aliitazama mbele na nyuma, akachimba kwenye setingi akaitoa ile namba, ndipo akaisajili kwa nafasi yake. Shemeji mmoja alikuja akakaa siku zake zote akaondoka bado yuko kwenye foleni. Mtandao wenyewe aliupa jina UNATAFUTA NINI. Majirani walipowasha simu zao waliliona, wakasonya.

Sasa, binti yao alifuata mikono ya mama. Kukata alifundishwa na mama yake kwa mapazia mabovu, juu ya mlango wa zamani uliong'olewa bawaba na kulazwa juu ya mapipa chumbani kwake. Makoti yake yalianza kutajwa. Siku moja picha zake zikamfikia mwenye karakana kubwa ya nguo huko mjini kati, mwanamke ambaye watu walisema hata kwenye harusi yake hakucheka. Akampigia binti simu.

"Picha kila mtu anatuma," alimwambia. "Wengine wananitumia makoti ya dukani. Jumatatu saa nne asubuhi nitakupigia video. Uwe na kitambaa kizima, ukate koti mbele ya macho yangu, mezani kwako. Nikiiona mikono yako ikanipendeza, utakuja kwangu. Nisipoiona, wapo wengine."

Mama alikisikia kile alichoambiwa mwanawe, akaingia chumbani kwake akakaa kitandani. Alijua maana yake. Mtoto akipata nafasi ile atatoka katika nyumba ile na mkasi wake ukiwa mzima. Asipoipata, atabaki, na kilichobaki katika nyumba ile mwisho wake kilijulikana.

Jumapili gwaride likaitwa kama kawaida.

"Baba, ya kwangu iache leo," binti alisema, ameishika simu kifuani. "Kesho nina mtihani wangu."

"Ndiyo maana lazima ipate apdeti. Unataka ukwame mbele ya watu?"

"Inafanya kazi vizuri tu."

"Inaonekana inafanya kazi. Kuonekana na kufanya ni vitu viwili. Lete."

"Baba watoto," mke alisema kutoka jikoni, "mwache mwenzio."

"Mama watoto, mimi nikija jikoni huwa nakwambia chumvi utie kiasi gani?"

"Kila siku."

Aliyecheka ni Shangazi, dada yake Mtaalamu, aliyekuja kutembea tangu katikati ya wiki. Shangazi alikuwa mpana, mwenye sauti, na alishasajiliwa kwenye ruta safari zake za nyuma. Mtaalamu alimnyooshea mkono naye atoe simu.

"Kwangu upite mbali," Shangazi akasema. "Nilikubeba mgongoni ukanikojolea. Simu yangu hugusi."

Simu za wengine, hata ya binti, zikapata apdeti. Zikazima, zikawaka, zikaonyesha rangi mpya ambazo hakuna aliyeziomba. Mtaalamu akakunja taulo na kwenda kulala.

Asubuhi ya Jumatatu binti aliamka mapema, akapiga kitambaa pasi kwa ule upande mmoja, akakitandaza juu ya meza, akaweka chaki, rula na mkasi. Alipowasha simu ajaribu video na rafiki yake, waifai ikagoma. Alama ilizunguka, ikazunguka, ikaandika kwamba imeshindwa kuunganishwa. Akaenda kwa mama yake, na ya mama yake ikasema vilevile. Bando alikuwa nalo, lakini nyumba imekaa bondeni, na mtandao wa simu huko chini ulikuwa wa kusalimiana tu. Sauti ilipita, video iliganda mdomo wazi. Na kuibeba meza mpaka barabarani, pamoja na mlango na mapipa yake, nani angeiweza?

"Baba! Waifai haikubali!"

Mtaalamu alitoka na taulo kiunoni, mswaki mdomoni, uso umenawiri. Mke wake alimtazama akawaza kwamba hajamwona na furaha namna ile tangu siku ya ndoa, na hata siku ya ndoa hakuwa na furaha kiasi kile.

"Tulieni. Msiguse kitu. Nani amebonyeza nini?"

"Hakuna aliyebonyeza. Wewe ndiye uliyebonyeza jana."

"Jana niliziponya. Mmeziharibu usiku."

Akaanza kazi. Alichomoa waya wa ruta, akahesabu kwa sauti, akauchomeka. Akazima simu zote akaziwasha. Akaziambia zisahau mtandao, halafu akawa anaandika paswedi upya, ndefu kama jina la ukoo, kila mara akikosea katikati na kusema kibodi imekuwa ndogo baada ya apdeti. Alipozungusha antena za ruta kulia akamtuma binti chumbani akaangalie, alipozizungusha kushoto akamtuma tena. Mtoto alikwenda akarudi, akaenda akarudi, jasho likamtoka kabla hajashika mkasi. Halafu Mtaalamu akaingia katika hatua ya kutafuta mwenye kosa. Kwanza ilikuwa friji. Ikazimwa. Ikawa kioo cha kabatini, kikafunikwa shuka. Ikawa masufuria ya mke wake, kwamba yametundikwa mengi mno na chuma kinavuta mtandao.

"Masufuria yapo hapo tangu hujajua kuna kitu kinaitwa mtandao," mke alisema.

"Ndiyo yamejaa sasa."

Katikati ya hayo yote kikasikika kicheko kutoka sebuleni. Shangazi alikuwa amejilaza kwenye kochi, anaangalia video ya mbuzi anayewafukuza maaskari.

"Shangazi," binti akasema polepole, "wewe unatumia bando?"

"Bando la nini? Waifai ya kaka yangu. Inakimbia leo, maana nyie mmetulia."

Hapo mtu mwenye akili kiasi cha kijiko cha chai angesimama. Angejiuliza kwa nini simu pekee iliyokwepa gwaride ndiyo simu pekee inayopata mtandao. Mtaalamu naye alisimama, na mke wake kwa dakika ile alimpa nafasi, alimtazama kama mtu anavyomtazama mtoto anayekaribia kusema neno lake la kwanza.

"Nimempata!" Mtaalamu akasema. "Dada anaunyonya wote. Simu yake imelewa. Hatuachii hata tone!"

"Mimi?" Shangazi akainuka. "Mbuzi mmoja huyu ndiye amemaliza mtandao wa nyumba nzima?"

"Nipe hiyo simu."

"Sikupi."

"Dada, ni mtihani wa mtoto!"

Kwa ajili ya mtoto Shangazi akatoa. Hilo Mtaalamu alilijua, ndiyo maana alilisema. Na kwa kuwa ile ndiyo simu pekee iliyokuwa ndani ya mtandao, kwa hiyo hiyo akaingia kwenye setingi za ruta, akafungua orodha yake ya simu zilizosajiliwa. Alisimama katikati ya korido anasoma midomo ikicheza.

"Imejaa taka," alisema. "Ruta imechoka kukumbuka. Naisafisha yote, tuanze ukurasa mpya, nasajili mmoja mmoja."

"Usifute," mke wake akasema. "Kama hujui kilichoharibika, usifute."

"Wewe mama unajua nini?"

Alifuta orodha yote. Akabonyeza kukubali. Na ruta, ambayo ilikuwa imefundishwa na yeye mwenyewe isipokee ila simu iliyo kwenye orodha, ikatazama orodha, ikaona haina mtu, ikafunga mlango. Mbuzi akaganda na maaskari wake. Mtaalamu akabaki ameshika simu ya dada yake, nje ya mtandao alioujenga, hawezi hata kuingia kusajili. Alibonyeza, akabonyeza tena kwa nguvu zaidi, kana kwamba ruta haisikii vizuri.

"Umefanya nini?" binti aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Inajipanga. Ipeni muda."

Muda haukuwepo. Simu ya binti ikalia, mwenye karakana anapiga video, picha haikutokea, ikakata. Binti akakaa chini pale pale kwenye korido, miguu imenyooka, bila kulia. Mama mtu alipomwona vile, jambo fulani ndani yake, lililokuwa limekunjwa miaka yote ile, likajikunjua. Akachukua simu yake akaenda dirishani, mahali sauti inapopita, akapiga huduma kwa wateja ya kampuni iliyowaletea ruta. Mtaalamu hakuwahi kupiga namba ile. Kwake kupiga ilikuwa sawa na kuomba msamaha.

Akapokea msichana mwenye sauti ya upole. Mama akamweleza yote bila kupamba: simu zilipata apdeti jana, leo hazishiki, na mtoto ana mtihani sasa hivi.

"Pole sana mama. Kuna mtu aliyeifunga ruta yenu ipokee simu maalumu tu?"

"Yupo."

"Basi ni hilo. Hizi apdeti mpya zinaifanya simu ijitambulishe kwa namba ya kubuni, kwa usalama wake. Ruta ikiona ile namba haiijui, inadhani ni mgeni, inaikatalia. Ingia kwenye Wi-Fi, gusa jina la mtandao wenu, utaona mahali pa faragha, chagua simu itumie namba yake yenyewe. Ni hivyo tu."

Ni hivyo tu. Binti alifanya haraka. Ruta ikakataa.

"Ajabu," msichana akasema. "Labda orodha imeguswa. Kuna aliyeigusa?"

Simu ilikuwa kwenye spika. Mtaalamu akaisogelea. "Hakuna aliyegusa kitu, dada. Mimi ni mtaalamu, nazungumza nawe kama mtu wa fani. Tatizo liko kwenu."

"Muongo huyo!" Shangazi akapiga kelele kutoka nyuma. "Ameifuta yote sasa hivi, kwa simu yangu mimi! Kaniulia na mbuzi!"

Msichana akakohoa. Pengine alikuwa anajizuia asicheke. "Basi mama, hapo imebaki njia moja. Nyuma ya ruta kuna kitundu kidogo. Tia sindano, ibonyeze na kuishikilia mpaka taa zote zizime. Itarudi kama ilivyotoka kiwandani, sisi tutaitumia mipangilio kutoka huku. Paswedi ni ile iliyobandikwa chini yake."

"Hapana!" Mtaalamu akasema. "Itapoteza kila kitu. Jina la mtandao, usajili, kazi yangu yote ya miaka."

Mke wake alishakwenda chumbani kwa binti na kuchomoa pini kwenye kitambaa. Aliporudi na kigoda, mume wake alikuwa amesimama mlangoni chini ya kisanduku, mikono ameitanua, taulo bado kiunoni.

"Ukiigusa hiyo ruta, mama watoto, utanitambua."

"Utanifanya nini? Utanitengenezea cherehani nyingine?"

Hakuipaza sauti. Shangazi, ambaye siku zile za cherehani alikuwa miongoni mwa waliosema chuma ni chuma, akatazama sakafu. Mtaalamu akakaza fundo la taulo. Mke akakiweka kigoda karibu na miguu yake, akapanda. Ilibidi mume asogee, ama sivyo magoti ya mkewe yangempiga kifuani. Akasogea.

Pini iliingia. Taa zikazima zote. Ule muda wa giza la ruta ulikuwa mrefu kuliko mimba. Halafu taa moja ikarudi, nyingine ikafuata, na katika simu ya binti likatokea jina la ovyo la herufi na tarakimu, jina zuri kuliko yote yaliyowahi kupita katika nyumba ile. Mama akainamisha ruta, akasoma paswedi kwa kuitaja herufi moja moja, taratibu, kama alivyozoea kusoma. Ikashika.

Binti akapiga mwenyewe. Mwenye karakana alitokea kwenye kioo, miwani juu ya pua.

"Umechelewa."

"Nisamehe mama, mtandao wetu ulikuwa…"

"Habari za mtandao sizitaki. Kata."

Mama akaishika simu juu ya meza kwa mikono miwili, macho ya yule mwanamke yaelekee kwenye kitambaa. Binti akapiga chaki mstari wa bega, akashuka kwapani, akainua mkasi. Mkasi ulipoingia kwenye kitambaa mikono yake ilijua njia. Mama aliiona, akaacha kupumua kwa hofu akaanza kupumua kama watu. Mbele mbili, mgongo, mkono wa kwanza. Mwenye karakana alifuata kila mkato kwa macho. Mara nyingine alisogea karibu na kioo mpaka likabaki jicho.

Mlango ukafunguliwa. Mtaalamu alikuwa ameshavaa suruali na heshima yake imemrudia.

"Hapo ungeanza na kola," alimwambia binti. "Na mkasi ushikie juu zaidi."

"Nani huyo?" mwenye karakana akauliza.

"Ni baba."

"Anashona?"

"Hapana."

"Basi atoke."

Mama hakuweza kuiachia simu. Aliusukuma mlango kwa kisigino, ukamrudisha Mtaalamu koridoni kidogo kidogo, pua ikiwa ya mwisho.

Koti likakatika lote. Binti akavipanga vipande juu ya ule mlango wa zamani, akaunganisha bega na bega kwa pini, akarudi nyuma hatua moja. Mwenye karakana akaomba aone ukingo wa mkono kwa karibu, akautazama kwa muda.

"Nani alikufundisha kuliacha kwapa namna hiyo?"

"Mama yangu. Ndiye ameshika simu."

"Mama, mikono haijachoka?"

"Bado," mama akasema, na ilikuwa imekufa ganzi mpaka mabegani.

"Huyu namtaka. Aje Jumatatu ijayo, aje na mkasi wake mwenyewe. Huyo baba abaki huko huko."

Kioo kikazima. Binti akamkumbatia mama yake kiunoni, uso akauficha kwenye kanga, na sasa ndipo akalia, kilio cha mtu aliyeachiliwa. Mama akampapasa kichwa kwa mikono isiyosikia kitu. Alikuwa anatazama vipande vya koti mezani, kila kimoja mahali pake.

Nje Mtaalamu alikuwa anamweleza jirani juu ya ukuta jinsi alivyoupata ugonjwa wa ruta na kuutibu kwa pini. Halafu akaja akagonga mlango kwa kidole kimoja.

"Mama watoto! Picha ilitoka safi?"

Habari za mtoto hakuuliza, aliuliza picha. Mke wake akafikiria kumjibu, akaona ni kuharibu pumzi. Akageuza ufunguo mlangoni.